Alhamisi njegere, tarehe 25 samaki mbichi

Alhamisi, 9 Januari 2025

Mradi umeanza leo, na umeanza vibaya. Tumekula saa nne na nusu usiku, njegere bado zinakwaruza meno, na shoga yangu keshalala kwenye kochi na kijiko mkononi.

Niandike masharti kabla hayajabadilishwa. Yeye wa Mombasa, mimi wa Tanga, sote tunaishi Göteborg, Sweden, na sote tunafanya kazi za zamu. Kila Alhamisi ambayo wote tuko huru, tunapika jikoni kwangu chakula kimoja cha nyumbani cha watu wa Skandinavia, kile ambacho Waswidi wanakiita husmanskost. Mshahara ukiingia, na huku kwa wengi huingia tarehe 25, tunakwenda kula kwa Wajapani. Nguruwe haingii sufuriani, pombe pia. Mwisho wa mradi ni mwisho wa Machi.

Kwa nini Wajapani? Mwaka juzi tulijaribu sushi, wali wa siki na samaki mbichi, nyumbani. Wali ulitoka ugali, samaki tulimkata kama tunakata kuni, na ule mwani wa kuviringishia ukawa unavutika kama raba ya baiskeli. Siku ile tukaapa kwamba kuna chakula cha kupika na kuna chakula cha kumlipia fundi. Mradi huu, ukiniuliza, ni wa kupima kama kiapo kile kilikuwa cha haki.

Mwalimu wa upande wa Skandinavia ninaye. Nafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, na kuna bibi mmoja wa miaka 91 ambaye kila nikimpelekea sinia ananieleza jinsi chakula kile kilivyopaswa kupikwa. Waswidi huitana kwa jina la kwanza, hata mtoto na mzee, kwa hiyo mdomoni namwita kwa jina lake. Moyoni, na humu, ni Bibi.

Chakula cha leo kilikuwa ärtsoppa, supu ya njegere kavu za njano. Bibi aliniambia kila kitu isipokuwa kuziloweka usiku kucha. Au alisema nami sikusikia.

Alhamisi, 16 Januari

Nimemwuliza. Alisema, sikusikia.

Safari hii njegere nusu kilo zimelala majini tangu jana saa mbili usiku. Asubuhi maji yale nikamwaga, nikaweka mengine lita moja na nusu, kitunguu kizima, na zikaanza kuchemka. Ganda la kila njegere linajitenga na kuelea, unaliengua pamoja na povu. Dakika tisini hivi, zinapondeka zenyewe bila kuguswa na mwiko.

Asili yake hutiwa nyama ya nguruwe yenye chumvi. Sisi tumetia nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, ambayo Wabosnia wanaiuza kwenye duka lao karibu na kituo changu cha tramu. Moshi ule ndio uliookoa sufuria. Bila yeye ingekuwa uji. Mwishoni timjan na mejram, majani makavu mawili ambayo kwetu hayana kazi, na haradali pembeni ya sahani. Haradali haichanganywi supuni. Kila mtu anachota kidogo kwa ncha ya kijiko kadiri anavyotaka machozi.

Kwa nini Alhamisi? Wenyewe wanaieleza kwa zama za Ukatoliki: Ijumaa ilikuwa siku ya kufunga, basi Alhamisi watu wanashiba kwanza. Dini ikabadilika, supu ikabaki. Hata jeshi la Sweden linaijua Alhamisi kwa njegere. Mfalme Erik XIV alikufa kifungoni mwaka 1577, na watu wakasimulia kwamba sumu alitiliwa kwenye supu hiihii. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1958, mwili wake ulikutwa na aseniki. Shoga yangu nilipomhadithia akaweka kijiko chini, akanitazama, kisha akakiokota.

Baada ya supu huja pannkakor, na hapa ndipo tulipocheka. Unga, maziwa, mayai, siagi, kikaango cha moto. Hizi si ni chapati za maji? Tofauti ni kwamba wao wanapaka jemu ya sitroberi, na wanazila baada ya supu nzito kana kwamba tumbo lina vyumba viwili.

Nimempa Bibi taarifa. Kanuni za kazi haziniruhusu kumpelekea chakula cha kwangu, basi ninamwelezea kwa mdomo tu, kama mtu anayesoma ripoti. Akauliza swali moja: "Haradali uliweka pembeni?" Pembeni. Akarudi kwenye redio yake.

Ijumaa, 24 Januari

Tarehe 25 ni Jumamosi, kwa hiyo mshahara umetangulia siku moja, nasi hatukungoja.

Mgahawa ni mdogo, viti tisa kwenye kaunta na meza tatu nyuma. Mpishi ni Mjapani wa makamo anayezungumza Kiswidi cha pole. Kwanza kitambaa cha moto cha kufutia mikono, ambacho peke yake katika baridi ya Januari kingetosha kulipiwa. Halafu kazi ngumu: kuuliza.

Mwenzangu mwenye masharti kama yetu, sikiliza hapa. Samaki hana neno. Neno liko kwenye wali na sosi. Wali wa sushi hutiwa siki ya mchele, sukari na chumvi, lakini wapishi wengine huongeza mirin, na mirin ni pombe tamu ya mchele. Sosi tamu ya mkunga, teriyaki, mchuzi wa tambi, humo mirin na sake, pombe nyingine ya mchele, ni kawaida. Sosi ya soya yenyewe huchachushwa, na kileo kidogo hujitengeneza ndani yake. Hapo kila mtu na fatwa yake. Mpishi hakukunja uso. Wali wake, alisema, hauna mirin. Akaonyesha kwa kidole vitu vinne kwenye karatasi: hiki usile, hiki, hiki na hiki.

Tukakaa kaunta kutazama mikono. Anachota wali kwa mkono wa kulia, samaki kwa kushoto, tone la wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, katikati, anageuza, anabana, anageuza, keshaweka mbele yako. Sekunde chache tu, nami mwaka juzi nilitumia dakika tatu kwa kimoja. Wali wake una uvuguvugu wa ngozi ya mtu, na ukiutia mdomoni unaachana punje kwa punje. Wetu ule tungeweza kuzibia ufa wa ukuta.

Alitufundisha mambo mawili. La kwanza, kula kwa mkono si aibu. Kwa watu wa Pwani hiyo ni habari njema. La pili, kinachochovywa ni upande wa samaki, si wa wali, kwani wali ukinywa sosi unavunjika na chumvi inazidi. Lingine tuligundua wenyewe: shoga yangu alisimamisha vijiti wima kwenye bakuli la wali, na mpishi akanyoosha mkono taratibu akavilaza. Hivyo hufanywa kwenye wali wa maiti. Hakusema zaidi, nasi hatukuuliza zaidi.

Cha kukumbuka kuliko vyote ni samoni. Nilimsifia: "Hii ndiyo sushi hasa." Akacheka. Alipokuwa mtoto Japani, alisema, hakuna aliyemla samoni mbichi. Samoni wa bahari yao alikuwa na minyoo, alipikwa au kutiwa chumvi. Waliomleta kwenye sushi ni Wanorwei! Nimerudi nyumbani nikasoma, na kweli. Norwei ilikuwa na samoni wengi wa kufugwa wasio na mnyoo, na mwaka 1985 waziri wa uvuvi Thor Listau akaongoza ujumbe kwenda Tokyo kutafuta soko. Wajapani walikataa: rangi si yake, harufu ya mto. Ilichukua miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Nichirei ikanunua tani 5,000 kwa bei rahisi, kwa sharti kwamba wauzwe kwa kuliwa mbichi. Leo kipande kile cha rangi ya chungwa ndicho kila mtoto anachokijua.

Kwa hiyo mimi nilikimbia Skandinavia kwenda Japani, nikala Skandinavia.

Alhamisi, 6 Februari

Köttbullar, vile vidonge vya nyama ambavyo dunia nzima inavijua kwa sababu ya IKEA, lile duka la fanicha. Kwao nyama huwa nusu ng'ombe nusu nguruwe. Nguruwe ndiye anayeleta mafuta. Tulipotumia ng'ombe mtupu, mkupuo wa kwanza ulikuwa mkavu kama kokoto.

Bibi alikuwa na jibu. Chenga za mkate desilita moja ziloweke kwenye maziwa desilita mbili, ziache dakika kumi zivimbe ziwe uji, ndipo utie nyama nusu kilo, yai, kitunguu kilichokaangwa kwanza. Mikono iwe imeloa maji baridi. Siagi isubiriwe mpaka ianze kunyamaza kwenye kikaango. "Siagi ikiimba bado ina maji," alisema, na hiyo ni sentensi nitakayokufa nayo.

Mkupuo wa pili ulikuwa laini. Kwa ulimi wa Tanga ni kababu iliyosahau kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, na nakiri kwamba nusu yake nilitia bizari kisirisiri. Shoga yangu akanikamata. Hazikuhesabiwa kwenye mradi.

Pembeni yake ni mchuzi wa krimu, viazi, na lingon, tunda dogo jekundu chachu ambalo huna haja ya kulipika: unalikoroga na sukari mpaka iyeyuke, basi. Haliozi upesi kwa sababu lina asidi yake ya kulilinda. Tunda na nyama sahani moja! Mwaka wangu wa kwanza huku niliona ni ajali. Sasa sivili bila hiyo.

Jumapili, 9 Februari

Kazi ya ziada, nje ya Alhamisi. Baada ya yale maneno ya mpishi sikutulia. Nataka kumwona samoni mbichi wa upande huu.

Tuliingia Feskekôrka, soko la samaki la mwaka 1874 lililojengwa kwa umbo la kanisa mpaka watu wakaliita hivyo, kanisa la samaki. Tulitazama, tukapiga picha, tukanunua supamaketi. Samoni kilo moja, vipande viwili vyenye ngozi. Wa kufugwa halazimiki kugandishwa, lakini Bibi amelelewa na hofu ya mnyoo: friza siku tatu, asema, ndipo uzungumze. Tumemtii.

Kisha sukari desilita moja, chumvi karibu kiasi hicho, pilipili nyeupe ya kutwangwa, na dill, majani ya kiungo membamba kama nywele, kifurushi kizima. Unapaka, unalaza nyama kwa nyama na ngozi nje, unafunga kwenye mfuko, friji siku mbili, unageuza asubuhi na jioni. Hakuna moto. Jina lake gravlax lina kaburi ndani yake: zamani samaki alitiwa chumvi akafukiwa ardhini.

Usiku huu ndio ulikuwa wa kukata. Nilipomfungua alikuwa amebadilika, amekaza, anang'aa kama kioo cha rangi, na mfukoni mna maji yaliyomtoka. Harufu safi. Halafu nikashika kisu. Yule mpishi angelia. Vipande vyangu vilikuwa vinene upande mmoja na uwazi upande mwingine, vingine vimeondoka na ngozi. Lakini tulipovila na sosi ya haradali na viazi baridi, havikupungukiwa na kitu. Hapo nikaanza kuielewa tofauti. Kwenye sushi unene wa kipande ndio chakula chenyewe. Hapa chumvi na saa arobaini na nane zilikwisha fanya kazi, kisu changu kibovu kimekuja kwenye sherehe iliyokwisha.

Jumanne, 25 Februari

Mgahawa wa pili, si ule wa kwanza. Huu ni wa tambi na vichoma, kelele nyingi, watu wa kutoka kazini.

Ramen nyingi mchuzi wake ni mifupa ya nguruwe, tulijua. Udon, tambi nene za ngano, tulitegemea, lakini mchuzi una mirin, mhudumu alithibitisha. Kilichobaki ni tempura, uduvi wa kukaangwa ndani ya rojo la unga, kwa chumvi badala ya ile sosi yake, na samaki wa kuchoma. Nikasoma orodha: "Saba shioyaki." Shoga yangu akaruka: "Saba? Saba wa nini, watatutosha kweli?" Saba kwa Kijapani ni kibua. Vibua! Chumvi, moto, ndimu, figili ya kukwaruzwa. Tulipoagiza nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Saba wawili," na mhudumu akashangaa kwa nini wanawake wawili wazima wanafuta machozi juu ya samaki.

Nimelelewa na vibua vya kukaanga vya bandarini Tanga, basi ninajua kibua. Hiki kilikuwa kinono ajabu, ngozi imepasuka na kuchuruzika mafuta. Sababu ni baridi ya maji. Na vibua vingi wanavyokula Wajapani hununuliwa Norwei. Tena Norwei! Naona kama nchi hii inanifuata.

Bili ilituuma. Tempura ilikuwa nyepesi lakini uduvi ni uduvi, na kwa mara ya kwanza nilitoka mgahawani nikifikiri: hiki kibua ningeweza mwenyewe. Tia alama.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani siku ya nne, na kalenda ya huku imetuchezea: leo ndiyo Fettisdagen, siku ya Waswidi kula semla kabla ya Kwaresima yao. Wao wanashiba ili wafunge, sisi tumefunga ili tushibe.

Semla ni mkate mtamu wa mviringo uliotiwa iliki, unakatwa kofia, unachimbwa, unajazwa lozi za kusagwa na krimu iliyopigwa, kofia inarudishwa, sukari ya unga juu. Tulioka saa tisa alasiri na tumbo tupu, na harufu ya iliki ilipojaa chumba shoga yangu alikwenda kusimama barazani kwenye baridi. Sikuwa nimewahi kuielewa nchi hii mpaka nilipoijua iliki yake. Waswidi wanaitia kwenye mikate kama sisi kwenye maandazi, tena wanaitwanga chengachenga ili uikute kwa meno.

Kabla kidogo ya saa kumi na mbili magharibi ikaingia. Tende, maji, halafu semla kwa chai ya rangi. Ni andazi lililovaa kilemba. Mfalme wao mwingine, Adolf Fredrik, alikufa mwaka 1771 baada ya karamu iliyoishia na hizi hizi ndani ya maziwa moto. Nilikula moja na nusu nikaacha.

Alhamisi, 13 Machi

Futari ya leo: fårikål kutoka Norwei. Kondoo wa mifupa kilo moja na nusu, kabichi kilo moja na nusu, chumvi, punje za pilipili manga nzimanzima, maji kidogo. Unapanga tabaka kwa tabaka, unafunika, saa mbili na nusu, unaondoka. Ndiyo mapishi yote.

Sina cha kubadilisha, sina cha kuulizia. Ni chakula cha kwanza katika mradi huu ambacho nimekipika kama wenyewe, bila kuzunguka kitu. Wanorwei walikichagua kuwa chakula chao cha taifa mwaka 1972, na Alhamisi ya mwisho ya Septemba ni siku yake. Sufuria nimeacha motoni nikalala, nikaswali, nikarudi, haikudai lolote. Jambo moja tu: sahani zipashwe moto kwanza, maana mafuta ya kondoo yakipoa yanaganda mdomoni kama mshumaa. Tulimwalika jirani wa juu, Msomali, akaomba ndizi. Tukampa ndizi.

Jumanne, 25 Machi

Mshahara, Ramadhani, na tena siku ya kula waffle, Våffeldagen, ambayo wanasema ilizaliwa kwa kusikia vibaya jina la siku ya Bikira Maria, Vårfrudagen. Waffle hazikupikwa. Tulirudi kaunta ile ya kwanza, baada ya magharibi.

Tende tulikuwa nazo mkobani. Mpishi alitukumbuka, ama alimkumbuka shoga yangu na vijiti vyake. Nikamweleza habari ya gravlax na kisu. Akaomba kuona picha, nikamwonyesha, akaitazama muda mrefu kwa adabu kubwa, kisha akasema kwamba samaki yule alikuwa mzuri. Kuhusu kukata hakusema kitu.

Nikamwuliza wasabi yake ni ile ya kweli. Kwa lunch hapana, akasema: sehemu nyingi ni unga wa mzizi mweupe uliotiwa rangi ya kijani. Mzizi huo huo Waswidi wanauita pepparrot na kuukwaruzia nyama ya kuchemsha. Jioni ile alitoa wa kweli, kijiti cha kijani chenye vinundu, akausugua mbele yetu kwa kuzungushazungusha. Mkali unapanda puani, unatoweka, unaacha utamu.

Vipande kumi kila mmoja, kimoja kimoja. Sikuuliza namna ya kupika hata kimoja. Nilipeleka mdomoni.

Jumamosi, 29 Machi

Kesho au keshokutwa Idi, mwezi haujaamuliwa. Mradi unafungwa leo kwa hesabu: Alhamisi tulizopika nne, moja ikiwa ya marudio, na siku mbili nje ya Alhamisi. Zamu zimekula nyingine. Kwa Wajapani mara tatu, na fedha za mara tatu zile zimezidi za mapishi yote pamoja na kondoo.

Kiapo cha mwaka juzi nimekirekebisha kidogo. Sushi kwa fundi, bila mjadala. Kibua nitachoma mwenyewe.

Bibi ana kazi ya mwisho aliyonipa. Heringi wa chumvi, walowekwe usiku mzima, kisha mseto wa 1-2-3: siki kali desilita moja, sukari mbili, maji tatu, uchemke upoe. Kitunguu chekundu, karoti, na kryddpeppar, punje zinazofanana na pilipili manga lakini zinanukia karafuu. Nimejaza chupa moja leo asubuhi. Nikamwuliza nionje lini. "Siku tano. Na usiifungue kuchungulia, nakujua."

Nimeandika tarehe kwenye kifuniko.